Nyumba Isiyobebeka: Kijiji cha Makumbusho Kikitazamwa Kutoka Kasulu na Kibondo

Makumbusho ya Taifa yalipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940, kwa jina la Mfalme George V wa Uingereza, yalikuwa makumbusho ya kabati na kioo. Kilichoweza kubebwa kiliingia: ngoma, mikuki, vyungu, vinyago, na miaka ya baadaye fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Nyumba haikuingia. Mgeni angeweza kupita vyumba vyote akatoka akijua watu wa nchi hii walipigana kwa silaha gani na walipikia nini, asijue walilala wapi.

Pengo hilo lilizibwa na Kijiji cha Makumbusho, tawi la Makumbusho ya Taifa lililofunguliwa mwaka 1967 kando ya Barabara ya Bagamoyo, upande wa Kijitonyama. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha. Taifa ambalo uhuru wake haukuwa umetimiza hata miaka sita Azimio lilipotangazwa lilitenga uwanja, likasimamisha humo msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo, ya Wachaga, ya Wanyakyusa na nyingine, kwa ukubwa wake halisi, mtu aweze kuinama mlangoni, kuingia, na kusimama mahali ambapo moto huwashwa. Jiji limekwisha kuuzunguka uwanja huo. Eneo zima na kituo chake cha daladala huitwa Makumbusho, na maelfu hushuka hapo kila siku wakielekea kwingine.

Mwaka 2027 Kijiji hicho kitatimiza miaka 60. Historia yake husimuliwa zaidi na watu wa Dar es Salaam, na ni haki yao. Mimi naisimulia nikiwa upande wa milima ya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, kwa sababu naona kwamba maana kamili ya kilichoanzishwa pale Kijitonyama huonekana vizuri zaidi ukiwa Kasulu au Kibondo, mahali ambapo katika umri wa mtu mmoja nyumba imebadilika mara tatu au nne.

Wazo la kuonesha nyumba uwanjani lilikuwa na mfano wake Ulaya. Mwaka 1891 Artur Hazelius alifungua Skansen mjini Stockholm, akakusanya humo nyumba za wakulima kutoka pande mbalimbali za Sweden. Nyingi zilikuwa za magogo. Gogo huweza kutiwa alama, ukuta ukafumuliwa, ukasafirishwa, ukapangwa upya kwa miti ileile. Nyumba zetu hazikubali jambo hilo. Ukuta wa udongo ukiubomoa unabaki na kifusi, na paa la nyasi ukilishusha unabaki na matandiko ya zizini. Njia iliyopo ni kujenga upya, na kujenga upya kunamtaka mtu anayejua fito ipi inapindika bila kuvunjika, nyasi ipi haiozi upesi, na fundo lipi halilegei kamba ikikauka. Kwa hiyo tangu mwanzo mali ya Kijiji cha Makumbusho ilikuwa ujuzi wa mikono. Nyumba zilizosimama uwanjani zilikuwa ushahidi kwamba ujuzi huo bado upo.

Hali ya hewa ya pwani iliisisitiza hoja hiyo bila huruma. Tembe, lenye paa bapa la udongo, ni nyumba ya nchi yenye mvua haba, na Dar es Salaam hupata karibu mara mbili ya mvua ya Dodoma. Msonge uliozoea nyasi za Kagera haupati nyasi hizo Kijitonyama. Mchwa wanakula fito, masika yanaloanisha kuta, jua la Januari linakausha kamba zikakatika. Makumbusho mengine hujivunia kitu kikongwe kisichoguswa. Hapa kitu kisipoguswa kinaanguka, na kila baada ya miaka michache lazima aje mtu kukifanya upya. Nimewahi kuwasikia watu wakilihesabu jambo hilo kuwa udhaifu wa taasisi. Naona kinyume chake: kila ukarabati ni somo, na fundi akikosekana makumbusho yanajua mara moja, kabla ya mtu yeyote kuandika ripoti.

Miaka ya 1990 Kijiji kilianza utaratibu ambao kwangu ndio uamuzi wake bora zaidi, Siku ya Utamaduni wa Mtanzania. Jamii moja hualikwa kwa siku kadhaa na huja yenyewe, na wazee wake, ngoma zake, vyakula vyake na mafundi wake, ili isimulie maisha yake kwa kinywa chake na ijenge kwa mikono yake. Kenya ilikuwa na Bomas of Kenya tangu 1971, na Makumbusho ya Uganda pale Kitante yana nyumba za asili nyuma ya jengo kuu. Lakini kuiachia jamii yenyewe ukumbi, iamue cha kuonesha na cha kuficha, ni hatua ambayo makumbusho mengi makubwa duniani yalichelewa sana kuifikiria.

Sasa twende milimani.

Kasulu iko juu, penye baridi ya asubuhi, migomba, maharage na kahawa kidogo. Ukielekea Kibondo unaingia taratibu kwenye miombo, nchi ya nyuki na asali, mpaka mabonde ya Moyowosi na Malagarasi. Hii ndiyo Buha ya falme kadhaa: Heru, Muhambwe, Buyungu na nyingine, kila moja na mwami wake. Heru ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekaa katika mabaraza ya machifu wa Tanganyika yaliyojaa wanaume, mpaka serikali ya uhuru ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963.

Nyumba ya asili ya Muha ilikuwa ya mviringo, haina ukuta unaotenganishwa na paa. Fito ndefu zilisimikwa ardhini kwa duara, zikapindwa na kukutanishwa juu, zikafungwa kwa pete za fito nyembamba zilizobanwa kwa kamba za magome. Ukiitazama kabla ya nyasi, ilikuwa kikapu kikubwa kilichofunikwa. Kisha uezekaji ulianza chini ukapanda, tabaka juu ya tabaka, ili maji ya mvua yateleze kutoka nyasi moja hadi nyingine bila kupata mahali pa kuingia. Ndani, viambaza vya kusuka vilitenga sehemu ya kulala. Moto wa katikati ulipika chakula, ukapasha joto usiku wa milimani, na moshi wake ukapanda kwenye nyasi na kuwafukuza wadudu. Nyumba isiyowashwa moto iliharibika haraka. Ndiyo maana ilidumu muda wote ilipokuwa na watu ndani yake, na ilipoachwa ilirudi kuwa udongo katika misimu michache.

Ndugu za nyumba hiyo wapo ng'ambo ya mpaka. Rukari, karibu na Nyanza nchini Rwanda, makazi ya mfalme yamejengwa upya kwa nyasi na kuwa makumbusho. Gishora, karibu na Gitega nchini Burundi, nyumba za mviringo zinatunzwa pamoja na ngoma za kifalme. Kwetu Kigoma, makumbusho yanayojulikana zaidi yapo Ujiji, na yanakumbuka siku ya Novemba 1871 ambapo Stanley alimkuta Livingstone. Ni tukio kubwa, na watoto wa shule wanastahili kulijua. Wanastahili pia kujua nyumba walizolala babu zao katika mwaka huohuo wa 1871, wakati wazungu wawili wakipeana mikono chini ya mwembe.

Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, ya kuwahamishia watu vijijini. Dodoma ilikuwa imetangulia mwaka 1971, na miaka miwili baadaye, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitamka kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Waha walikuwa wakikaa kwa kutawanyika, kila mji na migomba yake, mteremko huu na ule. Operesheni iliwashusha mpaka kandokando ya barabara, katika vijiji vya mistari: kiwanja, nafasi, kiwanja, nafasi. Shule zilikuja, zahanati zilikuja, na yeyote aliyezaliwa milimani baada ya hapo, akafundishwa kusoma umbali wa kutembea kutoka kwao, hawezi kulisema hilo kwa wepesi. Lakini nyumba ya mviringo haikufika kwenye mstari. Mahali pake palikuwa kwenye mteremko, kati ya migomba, mlango ukielekezwa kwa upepo na kwa jirani. Mstari ulidai mlango utazame barabara. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofikisha kwenye vikundi vya redio watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili nchini, ilifundisha choo na usafi wa mazingira, na wazo la nyumba bora lilikwenda pamoja na madirisha na pembe nne. Kuta za miti na udongo zikafuata, kisha matofali mabichi, kisha matofali ya kuchoma na bati. Leo ukipita kati ya Kasulu na Kibondo unaona matanuri ya matofali yakifuka moshi kando ya njia, na mabati yanayometameta mpaka upeo wa macho.

Hapo ndipo tarehe mbili zinapogongana. Mwaka 1967 taifa linajenga Dar es Salaam uwanja wa kuhifadhi nyumba za asili. Mwaka 1972 taifa lilelile linawatoa watu wa Buha katika nyumba hizo. Sidhani kuna aliyekusudia mgongano huo. Kijiji cha Makumbusho kilizaliwa na kiburi kizuri cha uhuru, na vijiji vya operesheni vilizaliwa na haraka ya maendeleo, na mambo hayo mawili yalikuwa moyoni mwa watu walewale. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba ujuzi wa kupinda fito ulianza kuondoka mikononi mwa watu wakati taasisi iliyoundwa kuulinda ilikuwa changa, ina uwanja mmoja, na iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kasulu.

Katika miaka hiyohiyo taasisi nyingine ilikuwa ikikua Dar es Salaam. Shule ya upimaji ardhi iliyoanza mwaka 1956, ikahamia Mlima wa Observation mwaka 1958, iligeuka kuwa Chuo cha Ardhi miaka ya 1970. Mwaka 1996 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea. Huko ndiko wasanifu majengo wengi wa Tanzania wamefundishwa. Hapo awali, kijana wa Tanganyika aliyetaka fani hiyo alitazama Nairobi, ambako Royal Technical College ilianza kuifundisha mwaka 1956, au ng'ambo. Nairobi ilikuwa na jambo la pekee. Miaka ya 1960 Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini aliyefariki mwaka 1967, alisaidia kuanzisha mafunzo ya ubunifu wa vitu ndani ya shule ya usanifu majengo. Baadaye idara ya ubunifu iliongozwa na Gregory Maloba, mchongaji wa Mnara wa Uhuru wa Kampala. Yaani mchora nyumba, mchongaji na mtengeneza kiti walikaa katika jengo moja wakatazamana kazi.

Shule ya usanifu haifundishi kwa mihadhara pekee. Mwanafunzi anachora, anabandika michoro ukutani, anaweka mfano wa kadibodi mezani, kisha walimu na wenzake wanapita wakiuliza: mvua itakwenda wapi, jikoni ni wapi, mzee ataingiaje. Maonesho hayo ya ukutani ndiyo mtihani wenyewe. Ukumbi wa maonesho wa shule ya aina hiyo, uwe Dar es Salaam, Nairobi au New York, hauwi pambo la chuo, kwa kuwa ndipo jamii inapoalikwa kushiriki maswali yaleyale. Dar es Salaam ina dalili nzuri upande huu. Boma la Kale, la enzi za Sultan Majid miaka ya 1860, lilikarabatiwa likafanywa kituo cha urithi wa usanifu majengo, na kuta zake zikasimulia jinsi jiji lilivyojengwa. Ninachotamani ni kuta hizo zifike milimani.

Kwa sababu milimani ujenzi haukusimama, na sura yake nzito zaidi haikujengwa na Waha.

Novemba 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kuwapokea Wakongo waliokimbia vita. Warundi walikuwa wamekuja kabla, hasa baada ya mauaji ya mwaka 1993, wakajaza kambi za Kibondo na Kasulu. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na wengi walidhani ukurasa umefungwa nayo. Mwaka 2015 Burundi ikawaka tena. Nyarugusu ikapita watu 150,000. Oktoba mwaka huo Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya, na baadaye ikavuka watu 100,000. Mtendeli, upande wa Kakonko, ikafuata Januari 2016, ikafungwa mwaka 2021.

Anayefika kambini hupewa turubai na miti michache. Kinachofuata ni kazi yake. Anachimba udongo, anaukanda kwa miguu, anaufyatua kwa kalibu, anauanika, anainua kuta chini ya turubai lilelile, na akipata nyasi anaezeka. Murundi wa Nduta na Muha wa Kibondo husikilizana lugha bila mkalimani, na ujenzi wao nao ni jamaa. Kwa hiyo katika Buha ya leo, mtu anayejua kusimamisha makazi kwa udongo, miti na nyasi, bila mshahara na bila mchoro, anaweza kuwa mama mkimbizi wa miaka thelathini ambaye hakuna shule ya usanifu iliyowahi kumuuliza swali.

Kuanzia Oktoba 2016 hadi Januari 2017, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalikuwa na maonesho juu ya makazi ya watu waliohamishwa, yaliyosimamiwa na Sean Anderson. Kitu kilichotazamwa sana ni nyumba ya mkimbizi iliyobuniwa Sweden kwa msaada wa taasisi ya IKEA, ya kufungasha na kuunganisha, ambayo mapema mwaka 2017 ilitunukiwa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka na Design Museum ya London. Ni kazi ya akili na ya nia njema. Miezi hiyohiyo, Nduta, maelfu ya familia zilikuwa zikifyatua matofali yao. Ningependa kuona siku moja ukumbi unaoziweka kazi hizo mbili ukuta mmoja, kila moja na vipimo vyake, gharama yake, joto lake la mchana na jina la aliyeijenga. Haki ya namna hiyo ndiyo iliyotendwa na Kijiji cha Makumbusho mwaka 1967 kiliposema kwamba tembe na msonge ni usanifu, vinastahili kiingilio na mwongoza wageni.

Kuna anayeuliza kama nyumba za nyasi za Buha zinaweza kurudi baada ya nusu karne. Jibu limo Kampala. Makaburi ya Wafalme wa Buganda pale Kasubi, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, yaliungua Machi 16, 2010. Jengo kuu, paa kubwa la nyasi, liliisha usiku mmoja. Lakini Buganda ina ukoo wenye jukumu la kuezeka, Ngeye, na jukumu hilo lilikuwa bado hai. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, ilikuwa na migogoro na ucheleweshaji, na mwaka 2023 makaburi yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Moto uliteketeza nyasi na nguzo. Walioezeka walikuwepo, wakaezeka tena.

Buha haikuwa na moto, ilikuwa na mstari wa barabara, na haina muda mwingi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Operesheni Kigoma ameshavuka sabini. Yule aliyeshika fito akiwa mtu mzima yu karibu na tisini, kama yupo.

Maadhimisho ya miaka 60 ya Kijiji cha Makumbusho yatakuwa na hotuba na ngoma, na yawe nazo. Mimi napendekeza yawe pia na kiwanja kimoja Kasulu chenye nyumba nne zilizopangwa kwa umri wake. Ya kwanza, ya mviringo, ya fito na nyasi tangu juu mpaka chini. Ya pili, ya miti na udongo ya miaka ya operesheni, mlango wake ukitazama barabara. Ya tatu, ya matofali ya kuchoma na bati, ambayo ndiyo nyumba ya wengi leo na ambayo wajukuu wataihitaji kuielewa kama sisi tunavyoihitaji ya kwanza. Ya nne, ya kuta za udongo na turubai, ijengwe na wakimbizi wenyewe na iandikwe majina yao wakiridhia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waje wakati wa mafunzo ya vitendo, wapime kila hatua, wachore, na michoro yao ibandikwe ndani ya nyumba ya tatu, ambayo kuta zake zimenyooka. Mwaka utakaofuata maonesho hayo yaende Kijitonyama, na mafundi waende nayo.

Gharama kubwa ni nauli na posho za wazee, kwa sababu udongo, fito na nyasi zipo. Nyasi hukatwa kiangazi, kuanzia Juni, kabla moto wa misituni haujapita Kibondo. Kabla ya nyasi inatakiwa orodha, kata kwa kata, kutoka Heru Juu hadi Mabamba: nani bado anajua kupinda, nani anajua kufunga, nani anajua kuezeka, na kila mmoja atafutiwe vijana wawili wa kukaa naye. Kazi hiyo haingoji bajeti ya Dar es Salaam. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Kasulu na Kibondo wanaweza kuianza wiki hii kwa daftari na pikipiki.